Unyevu Usiopata Njia

Kudhaa hakuna kliniki ya Kichina. Ni kisiwa kidogo katika mlolongo wa visiwa vya Wabajuni vinavyoteremka kusini kutoka Kismayo kuelekea Ras Kiamboni na mpaka wa Kenya: Koyama, Ngumi, Chovai, Chula, na vingine ambavyo ni miamba na ndege tu. Mgonjwa wa huko akitaka daktari wa maana hupanda mashua. Hata hivyo Uchina imeshaingia visiwani humu, tena kwa mlango wa dawa. Imeingia kwa jongoo.

Jongoo la pwani haliliwi kwetu. Mbajuni hula changu, papa, kaa, kamba, na zamani hata kasa, lakini jongoo humwachia mwenyewe bahari. Ni laini, lina utelezi, na likibughudhiwa hutema matumbo yake. Mzamiaji hulifuata chini kwa sababu yuko mtu, mbali sana, anayelitaka: jongoo mchanga, pauni, spinyo mama, kila aina na bei yake. Likifika juu hupasuliwa, hutolewa uchafu, huchemshwa, hufukiwa mchangani mpaka ngozi ya nje ilegee, husuguliwa, huchemshwa tena, kisha huanikwa juani kwa siku kadhaa. Lililoingia sufuriani nene kama mkono hutoka jembamba kama kidole, jeusi, gumu, linalogonga kama mti. Zaidi ya sehemu tisa kwa kumi ya uzito wake zilikuwa maji.

Kule Hong Kong na Guangzhou huitwa haishen, yaani ginseng ya baharini. Tabibu Wu Yiluo, katika kitabu chake cha dawa cha mwaka 1757, analihesabu miongoni mwa vitu vya kujenga mwili: lina ladha tamu na ya chumvi, tabia yake ni ya joto, linatia nguvu figo. Hupewa mzee aliyedhoofika na mgonjwa aliyekauka. Kwa hiyo mikono ya Wabajuni imekuwa ikipeleka Uchina dawa ya kujaza miili iliyopungua. Sura hii inahusu shida ya upande wa pili: mwili uliojaa ukapitiliza, jinsi matabibu wa Kichina wanavyouelewa, na wanachoufanyia.

Nilianza kulifuatilia jambo hili kwa sababu ya khalati yangu, mzaliwa wa Kudhaa. Vita vya Somalia vilipochacha mwaka 1991, Wabajuni wengi walipanda majahazi wakashukia Lamu na Mombasa, na kambi ya Jomvu, pembezoni mwa Mombasa, iliwahifadhi maelfu kwa miaka kadhaa. Khalati alishuka jahazini amekonda kama ng'onda. Miaka ishirini baadaye alikuwa hapandi ngazi mbili bila kusimama kushika ukuta. Zahanati ilimpima kilo 97, sukari ikiwa imekaribia mstari mwekundu, na muuguzi akamwambia apunguze unene. Alirudi nyumbani amenuna.

"Mwanangu," aliniambia, "mie si mnene. Nina baridi mwilini. Maji yameingia, hayatoki."

Nilicheka moyoni, kama wanavyocheka waliosoma. Nilikuja kujuta baadaye, nilipofungua vitabu vya tiba ya Kichina na kukuta kwamba kauli yake, karibu neno kwa neno, ndiyo ambayo tabibu wa Beijing angeiandika kwenye kadi yake.

Tuanze na kitabu mama cha tiba hiyo, Huangdi Neijing, Kitabu cha Mfalme wa Manjano, kilichokusanywa yapata miaka elfu mbili iliyopita. Unene umo. Umo hata mgawanyo wa watu wanene katika makundi matatu: wale ambao nyama imelegea na tumbo linaning'inia, wale walioshiba wakakazana kama ngoma, na wale ambao mwili wote ni mkubwa kwa uwiano, juu na chini. Mizani ya kupimia kilo hakuna, wala haikuhitajika. Kilichoulizwa ni aina ya unene. Mahali pengine kitabu hicho hicho kinamtaja mtu anayekula vitamu na vinono kwa muda mrefu: joto hujikusanya ndani, tumbo hujaa, na mwisho hupatwa na maradhi ya kiu isiyokoma na mwili kuisha. Daktari wa leo akisoma hapo anaiona sukari, yaani kisukari, imesimama nyuma ya unene kama kivuli. Kwa waandishi wa karne zile si utambuzi mdogo.

Kiungo kinachobebeshwa lawama ni pi, ambacho hutafsiriwa kuwa wengu. Tafsiri hiyo imewapotosha wengi. Wengu wa mchinjaji, lile pande la nyama jeusi lililo ubavuni kushoto, halina kazi kubwa katika kusaga chakula. Pi ya Wachina ni kazi zaidi kuliko kiungo: ni ile nguvu inayopokea kilichopikwa tumboni, ikachuja kilicho bora, ikakipandisha na kukigawa, na kuyaongoza maji yafike yanapotakiwa na yaliyobaki yatoke. Ukitaka picha, fikiria mama anayepika wali wa nazi. Moto ukiwa wa kutosha, maji hukauka kwa wakati wake, mvuke hupanda, punje hutoka moja moja. Kuni zikiwa mbichi, au ukizidisha maji, au ukifunua kifuniko kila dakika, wali hutoka bokoboko. Viungo vya chungu ni vile vile. Kilichokosekana ni nguvu ya kuyapitisha maji.

Maji yaliyokosa njia, kwa maelezo yao, huwa unyevu. Unyevu ukikaa hugandamana ukawa tan, kitu kizito chenye kunata. Tan hutafsiriwa balghamu, na hapa sikio la mtu wa pwani husimama, maana balghamu ni neno letu. Lilitufikia na tiba ya Kiyunani kwa mkono wa Waarabu: damu, safura, sauda na balghamu, kila kimoja na tabia yake ya hari au baridi, ya ukavu au rutuba. Balghamu ni baridi na rutuba, na mtu mnene, katika elimu hiyo ya akina Ibn Sina, ni mtu wa baridi na rutuba. Khalati hakusoma Ibn Sina, bali alilelewa na watu waliokaa arubaini ya uzazi wakinywa uji wa pilipili manga na kukatazwa maji baridi, na hiyo ndiyo elimu yenyewe ikiwa jikoni. Wachina nao wana mwezi wao wa uzazi, zuo yuezi, wenye tangawizi na supu ya kuku na marufuku ile ile ya maji baridi.

Iko tofauti moja, na mimi naiona kubwa kuliko kufanana kote huko. Katika hesabu ya Kiyunani balghamu ni mojawapo ya vitu vinne ambavyo mwili umeumbwa navyo. Maradhi ni kuzidi kwake. Katika hesabu ya Kichina tan haina haki ya kuwapo. Ni taka ya kazi iliyolala. Ndiyo maana tabibu wa Kichina mwenye ujuzi haridhiki kuikausha wala kuifukuza kwa haluli. Ukimwaga bokoboko lote bila kurekebisha moto, chungu cha kesho kitatoka vivyo hivyo. Zhu Danxi, tabibu mashuhuri wa karne ya 14, alifundisha kwamba wanene huelemewa na unyevu na balghamu, na wembamba na moto. Fundisho hilo lingali likitumika: mwaka 2009 chama cha tiba ya Kichina kilitoa kanuni ya maumbile tisa ya mwili, iliyotokana na kazi ya Profesa Wang Qi wa Beijing, na mojawapo ni umbile la balghamu na unyevu, lenye tumbo laini lililotoka, uso wenye mafuta, kifua chenye makohozi na mwili mzito.

Lakini si kila mnene ni wa balghamu, na hapo ndipo mashauriano marefu yanapoanza. Tabibu humwambia mgonjwa atoe ulimi. Ulimi uliovimba, wenye alama za meno pembeni na utando mweupe mzito, unasema unyevu na wengu dhaifu. Ulimi mwekundu wenye utando wa manjano, kwa mtu ambaye njaa haimwishi, kinywa kinanuka na choo ni kigumu, unasema moto wa tumbo. Mwingine ana miguu baridi, uvimbe wa vifundo na uchovu wa asubuhi. Moto wa figo umeshuka. Mwingine tena hali kwa njaa, hula kwa hasira au kwa majonzi: kifua kinabana, hedhi inachelewa, usingizi wa kukatika. Kwake wanasema qi, yaani nguvu ya uhai, ya ini imekwama. Huyu wa mwisho namwona sana katika watu wetu wa visiwani. Aliyeacha nyumba, mashua, minazi na makaburi ya wazee, akaingizwa chumba kimoja cha kupanga, anaweza kunenepa kwa huzuni, na kadi ya zahanati haina mstari wa kuandika hilo. Kisha tabibu hushika mapigo kwa vidole vitatu kila mkono. Mapigo ya mwenye balghamu yanasemwa kuteleza, kama ushanga kwenye sahani.

Je, ni kweli? Kama kuna kitu kiitwacho unyevu kinachozunguka tumboni, hakuna aliyekiona kwa darubini. Mafuta ya mwili yanahifadhiwa ndani ya seli, na yanaongezeka kwa sababu nishati inayoingia inapita inayotumika, huku homoni, urithi, usingizi, dawa na umaskini vikiisukuma mizani hiyo. Ninavyosoma mimi, lugha ya Kichina ni njia ya kupanga dalili, na thamani yake imo katika maswali inayolazimisha. Watu wawili wenye kilo 97 hawapati jibu moja. Shirika la Afya Duniani linahesabu unene wa maradhi kuanzia kipimo cha uwiano wa uzito na urefu cha 30; Uchina yenyewe imeweka mstari wake kwenye 28, kwa kuwa miili ya kule huanza kudhurika mapema. Namba hizo ni lazima. Ila hazisemi mtu amefikaje hapo.

Khalati alifikaje? Kudhaa alikuwa akitembea ufukweni kwenye maji kupwa, anateka maji, anatwanga, anabeba samaki, na jioni anakula mtama au wali kidogo na samaki wa siku hiyo. Mombasa alikuta mahamri asubuhi, chai ya maziwa yenye sukari vijiko vinne, sambusa saa kumi, baasto, yaani tambi, usiku kwa kuwa watoto walioishi Kismayo wameizoea, na soda kila mgeni akija. Kazi ya mwili hakuna. Nje ni hatari au ni aibu, basi hukaa. Neijing inahesabu kukaa kwa muda mrefu miongoni mwa mambo yanayoharibu nyama ya mwili, na matabibu wa Kichina huhesabu vitamu na baridi miongoni mwa vinavyouchosha wengu. Wala hayuko peke yake. Utafiti wa kitaifa wa Kenya wa mwaka 2014 ulikuta theluthi moja ya wanawake wa umri wa kuzaa wana uzito uliozidi au unene wa maradhi. Duniani, kwa hesabu ya mwaka 2022, watu wazima milioni 890 walikuwa na unene wa maradhi. Uchina nayo, pamoja na vitabu vyake vyote, ilitangaza mwaka 2020 kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima wake wamezidi uzito. Wengu wao umechoshwa na vitu vile vile.

Sasa matibabu. Watu wa pwani ya Afrika Mashariki hawakukutana na sindano za Kichina jana. Madaktari kutoka mkoa wa Jiangsu wamekuwa Zanzibar tangu 1964, na Somalia ilipokea kikosi chake cha madaktari wa Kichina mwaka 1965, kutoka mkoa wa Jilin, kikabaki mpaka dola ilipovunjika 1991. Wengi wao walikuwa wapasuaji na waganga wa macho na wa uzazi, lakini sindano zilikuja nao.

Kwa unene, sindano huchomwa zaidi tumboni na miguuni. Zhongwan ipo katikati ya kitovu na ncha ya kidari. Tianshu ni mbili, vidole vitatu kushoto na kulia kwa kitovu. Fenglong, ambayo matabibu huitegemea kwa balghamu, ipo upande wa nje wa muundi, nusu ya njia kati ya goti na kifundo. Sindano ni nyembamba kama unywele, hukaa takriban nusu saa, na mgonjwa hurudi mara mbili au tatu kwa wiki, kwa wiki nane au zaidi. Siku hizi wengine huunganisha na umeme mdogo. Wengine hufukia uzi unaoyeyuka chini ya ngozi ili mgonjwa asirudi kila siku. Wapo wanaoweka vikombe vya kunyonya, kitu ambacho hakimshtui yeyote aliyemwona mwumishi wa kwetu na chuku yake. Hiyo chuku, pembe ya kuumikia, ndiyo iliyotupa msemo wa kupiga chuku kwa maana ya kutia chumvi, na nikisoma matangazo ya dawa za kupunguza tumbo naona lugha ilijua ilichokuwa ikifanya.

Majaribio ya sindano kwa unene ni mengi, hasa yaliyofanyika Uchina. Yakijumlishwa huonyesha kwamba mtu hupungua kidogo, zaidi kama sindano zimeambatana na mpango wa chakula na mazoezi. Tatizo ni kwamba mengi ni madogo, ni ya wiki chache, na si rahisi kumficha mgonjwa kama amechomwa kweli au kiini macho. Kwa hiyo nisingemshauri mtu auze mbuzi alipe sindano. Wala nisingemkataza mwenye uwezo, sindano zikiwa mpya na daktari akiwa amesomea.

Dawa za miti ni habari nyingine, na hapa nitakawia.

Mchanganyiko wa zamani wa balghamu huitwa Erchen Tang. Una banxia, ganda la chenza lililokaushwa na kuwekwa miaka, uyoga wa fuling na urukususu. Ganda la chenza litamfurahisha mpishi yeyote wa pwani. Kwa moto wa tumbo wanayo Fangfeng Tongsheng San, iliyoandikwa na Liu Wansu mwaka 1172, ambayo Japani huuzwa leo madukani kwa wenye vitambi. Ndani yake, pamoja na mengine mengi, yamo mawili ya kuangalia: dahuang na mahuang.

Dahuang ni mzizi wa kuharisha. Kazi yake inafanana na sanamaki, ambayo haikosi duka la dawa za Kiswahili, na Wachina nao wanaitumia sanamaki kwa jina linaloonyesha kwamba ilitoka nje kwao. Mtu akiharisha siku tatu hupungua kilo mbili, na kilo hizo ni maji na uchafu. Akinywa maji zinarudi. Akiendelea miezi, utumbo huzoea, chumvi za damu huyumba, na moyo nao huyumba.

Mahuang ni kichaka kidogo kisicho na majani kamili, chenye efedrini. Kwa Wachina hasa ni dawa ya mafua na pumu, hutumiwa siku chache. Wauzaji wa Marekani walikigeuza kuwa vidonge vya kukondesha na kutia nguvu, watu wakavimeza miezi. Februari 2003 mchezaji wa besiboli Steve Bechler, kijana wa miaka 23, alianguka mazoezini akafa kwa joto la mwili, na vidonge vya mahuang vikatajwa kuwa vilichangia. Mwaka uliofuata serikali ya Marekani ikavipiga marufuku. Mtu wa Kismayo hahitaji kuelezwa sana jinsi kitu hiki kinavyofanya kazi, maana anaijua miraa. Kathinoni ya miraa na efedrini ya mahuang ni ndugu wa karibu kwa umbo la kikemia. Aliyekaa kwenye majlisi ya mirungi tangu saa tisa anajua tumbo linavyosahau chakula, macho yanavyofunguka na moyo unavyopiga. Je, wala miraa wote ni wembamba na wenye afya? Jibu analo kila mtu mtaani kwake.

Lililo baya zaidi lilitokea Ubelgiji. Kliniki moja ya kukondesha mjini Brussels iliongeza miti ya Kichina katika vidonge vyake mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mmoja uliitwa fangji. Jina hilo, kwa Kichina, hubebwa na zaidi ya mmea mmoja, na uliofika Brussels haukuwa ule uliokusudiwa bali jamaa yake wa jina, aina ya aristolokia, yenye asidi inayoua figo. Taarifa ya kwanza ya kitabibu ilichapishwa 1993. Wanawake zaidi ya mia moja waliharibikiwa, wengi wakaishia kwenye mashine ya kusafisha damu au kubadilishwa figo, na baadaye baadhi yao wakaonekana na saratani ya njia ya mkojo. Walikwenda kupunguza kiuno. Nasi pia tuna miti inayochangia jina kutoka kijiji hadi kijiji, na waganga wetu wa zamani walijilinda kwa kuuchimba mzizi wenyewe. Mzizi uliosagwa unga, ukatiwa kwenye kidonge na kupandishwa meli haumpi mtu nafasi hiyo.

Siku hizi hatari imehama tena. Dawa ya kisasa iitwayo sibutramini, iliyokuwa ikizuia njaa, iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuhofiwa kuleta mshtuko wa moyo na kiharusi. Tangu hapo wakaguzi wa nchi nyingi wameikuta mara kwa mara imefichwa katika chai na kahawa za kukondesha zilizoandikwa kuwa ni majani matupu. Khalati alinunua pakiti za namna hiyo mtaani, zenye picha ya joka na maandishi ya Kichina. Wiki mbili hakuona njaa. Usingizi ulimruka, mdomo ukakauka, na usiku mmoja tukampeleka hospitali moyo ukimwenda mbio. Pakiti ile sikuipima, wala sijui ilikuwa na nini. Najua kwamba hakuna aliyemtazama ulimi, wala kumshika mapigo, wala kumuuliza analala vipi. Tiba iliyojengwa juu ya kuuliza ilimfikia bila swali hata moja.

Mtu akiniuliza leo, nitamwambia apimwe kwanza presha, sukari na figo, na kama yuko kwenye dawa za hospitali asizichanganye na miti bila kumwambia daktari. Huanglian, kwa mfano, ina baberini, inayosifiwa sana mitandaoni. Inashusha sukari kiasi, na juu ya vidonge vya sukari inaweza kuishusha mno. Uchina yenyewe haizitenganishi njia hizi mbili. Mwongozo wa wizara yake ya afya wa mwaka 2024 juu ya unene umeweka chakula, mazoezi, dawa za kisasa, upasuaji na tiba ya asili katika kitabu kimoja.

Baada ya ule usiku, Khalati alikubali kwenda kwa daktari wa Kichina mwenye leseni, kwa masharti yake: hanywi kitu. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo mwenye Kiswahili cha kuombea maji. Alimtazama ulimi kwa muda mrefu, akamwonyesha kwenye kioo alama za meno zilizouzunguka. Khalati alizitazama kama mtu aliyeletewa shahidi. Kisha daktari akamwambia aache maji ya friji, apunguze sukari ya chai kijiko kimoja kila wiki, ale chakula cha usiku kabla ya magharibi, atembee baada yake, na akambandikia sikioni mbegu tano ndogo nyeusi kwa plasta. Mbegu hizo huitwa wangbuliuxing. Moja huwekwa kwenye nundu ndogo iliyo mbele ya tundu la sikio, wanapopaita mahali pa njaa. Azibonyeze kabla ya kila mlo.

Mwezi wa tatu alikuwa amepungua kilo tano na anatembea hadi ufukweni na kurudi, jambo ambalo hakulifanya tangu alipofika mjini. Nilimuuliza kama ni mbegu.

"Sijui, mwanangu," akasema, huku kidole kikienda sikioni chenyewe. "Nikizibonyeza zinauma. Zikiuma nakumbuka kuwa nimeshakula."

Alinyamaza kidogo, akauliza kama ni kweli kwamba majongoo waliyokuwa wakiyachemsha Kudhaa, yakawanukia nguo mwaka mzima, Wachina huyala ili wanenepe. Nikamwambia ni kweli kiasi. Akacheka mpaka plasta moja ikabanduka.

Majongoo yenyewe yamepungua. Tangu Agosti 2020 biashara ya kimataifa ya pauni inahitaji kibali, na wazamiaji hushuka vina ambavyo baba zao hawakuvifikia, wengine kwa mitungi ya hewa iliyochakaa. Huko Guangzhou bei inapanda. Khalati anasema wajukuu wa jirani yake wa zamani bado wanazamia, na kwamba ni wembamba wote.